Mtu Niliyempeleka Baraka

Hapa Rumonge ukisema wewe ni mwandishi wa hadithi, mtu hukaa kimya akisubiri umalize. Hadithi, sawa, na kazi je? Ndiyo maana mimi nikiulizwa husema ni mshonaji. Cherehani iko barazani, kila apitaye anaiona, maswali yanaisha. Kuandika naandika kwa simu, katikati ya sare za shule na magauni ya harusi, na kila Alhamisi baada ya laasiri natuma sura moja kwenye kundi la WhatsApp. Nilianza na majirani wa mtaa wetu wa Waswahili. Siku hizi wamo watu wa Nyanza-Lac, wamo wa Kigoma, watu nisiowajua sura wala ukoo, na kila mmoja wao ana maoni.

Maoni, jamani! Yatanitoa roho. Huyu ananiandikia kwamba mke mdogo ana kisirani, nimfukuze. Yule anauliza mbona shujaa sura tatu hajala, au amefunga? Mama mmoja wa Kizuka alinitumia sauti ya dakika nne nzima akinigombeza kwa sababu niliandika kwamba chikichi zilichemka nusu saa zikaiva. Chikichi haziivi kwa nusu saa, alisema, na wewe ni mtoto wa hapa hapa, huoni haya? Nikarekebisha, maana haki ilikuwa yake. Lakini dakika nne! Na wakimaliza kunisema huongeza kwamba sura ijayo niitume mapema, wana safari.

Mwenye maoni kuliko wote alikuwa bwana mmoja wa Bujumbura, ana duka la vitabu na mashine ya kuchapia. Nilikutana naye kwenye mafunzo ya waandishi ya siku tatu, huko huko Bujumbura, tulikokaa kwenye viti vya plastiki tukifundishwa namna ya kumshika msomaji. Mwalimu alikuwa yeye, mengi aliyasema kwa Kifaransa, na mimi niliandika mambo mawili tu kwenye daftari. La kwanza, mpe msomaji kitu anachokiona kwa macho. La pili, anachokitaka usimpe haraka. Siku ya mwisho akaniita pembeni. "Madamu," akasema, "hao wasomaji wako ukiwafikisha mwisho bila kukukimbia, hii hadithi naichapa iwe kitabu." Niseme wazi, nilikitaka kile kitabu. Nilikitaka hadi nikawa naota rangi ya jalada lake. Nina umri wa kubeba wajukuu, naota jalada!

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mvuvi. Sura ya tisa mtumbwi wake unaonekana karibu na Kigwena, umepinduka, mwenyewe hayumo. Nia yangu ilikuwa kumzika sura ya kumi, watu walie, halafu niendelee na mjane wake, maana mjane ndiye niliyekuwa namwandikia tangu mwanzo. Bwana wa Bujumbura akapiga simu. Hadi leo sijui nani alimwingiza kwenye kundi. "Usimzike! Ukimzika watalia siku moja, wataondoka. Mpoteze tu." Nikampoteza. Sura ya kumi hayupo, ya kumi na moja hayupo, kundi linawaka moto, watu wananitukana kwa mapenzi. Akapiga tena. Sasa waonjeshe kidogo, akasema, mtu amwone mahali.

Ndipo nikaandika sura ya kumi na mbili. Mfanyabiashara wa chumvi anavuka kwenda Baraka, ng'ambo ya Kongo, na pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, anamwona mwanamume anashona nyavu, amevaa koti la mvua la njano lenye kiraka cha kitenge cha kijani kiwikoni. Anamwita kwa jina. Yule mwanamume anageuza uso pembeni, anainuka, anaondoka haraka. Nikakata hapo hapo. Niliona nimeweza kweli kweli, nikajipikia chai.

Sasa niwaeleze juu ya msomaji wangu, maana bila yeye hamtaona ubaya nilioufanya. Mahali pa kukamulia mawese, nyuma ya soko, wanawake wengi hawakusoma, na waliosoma mikono yao ina mafuta. Kwa hiyo wana msomaji wao. Alhamisi wakipumzika, mmoja ananawa, anakaa juu ya dumu, anawasomea sura kwa sauti, na wanakuja kusikiliza hata wasiofanya kazi pale. Anasoma vizuri kuliko ninavyoandika. Mwanamume anampa sauti ya mwanamume, mnafiki anampa sauti ya puani. Na anaruka! Siku moja nilikwenda kumsikiliza, nikasimama nyuma ya ukuta, nikakuta maelezo yangu yote ya mawingu juu ya ziwa, ambayo yalinichukua siku mbili, ameyapita kama hayapo. Nikamuuliza kwa nini. "Dada," akaniambia, "mawingu tunayaona." Tangu siku hiyo sijaandika wingu.

Huyu msomaji alikuwa na mume. Mume alitoka na wenzake wawili kuvua ndagala, dagaa wa ziwa letu, upepo ukaja, wenzake wakaletwa na maji wakiwa maiti, mtumbwi ukaletwa, yeye hakuletwa. Imekuwa miaka minne. Na miaka yote hiyo msomaji wangu si mke wala si mjane. Anaishi kwa mama mkwe wake pamoja na mabinti zake wawili, na mama mkwe alikataa katakata mtu yeyote kutamka kwamba mwanawe amekufa. Hajaletwa, alisema, nani kamwona? Kulia kulikuwa marufuku katika ile nyumba. Msomaji akitaka kulia ilibidi aende ziwani na ndoo ya nguo, akifika afue, arudi na uso mkavu.

Mwaka huu shehe wa msikiti wetu akaingilia kati. Miaka imetimia, habari hakuna, basi asaliwe sala ya asiyekuwepo, mke akae eda yake miezi minne na siku kumi, imalizike, awe huru. Ilichukua wiki nyingi za kumbembeleza yule mama, leo anakubali, kesho anakataa. Mwishowe akasema sawa. Siku ikapangwa, Jumamosi. Na nguo za kukalia eda nililetewa mimi nizishone.

Mnaona nilipofika? Nguo za eda ziko kwenye cherehani, na mimi nimeshika simu natafuta kitu cha kuwapa wasomaji wakione kwa macho. Lile koti la njano lilikuwa la mume wake. Aliniletea mwenyewe miaka ile, kiwiko kimechanika, na mkononi ana kipande cha kitenge cha kijani kilichobaki kwenye gauni la mkewe. Tumia hiki, akasema, wenzangu waache kunichukulia koti langu. Nikakishona, tukacheka, akaenda zake. Kitu kama hicho hakitoki kichwani. Ilipofika siku ya kuhitaji koti, nikalikuta liko tayari, nikaliandika, sikujiuliza ni la nani. Wallahi sikujiuliza! Watu wananiambia haiwezekani. Nami nawajibu, kaeni na nyinyi muandike, mtaona mikono yenu inavyoiba.

Alhamisi ile mama mkwe naye alikuwepo kwenye kusikiliza. Msomaji akasoma chumvi, akasoma Baraka, akasoma koti, akasoma na kiraka kabla akili yake haijafika. Mawingu yangu yote aliyaruka, koti hakuliruka! Walionisimulia wanasema aliishusha simu mapajani, na mama mkwe akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaja kwangu moja kwa moja.

"Amahoro, mwanangu," akasema. Hata salamu hakuiacha. "Mutoto wangu iko Baraka."

"Mama, ile ni hadithi. Nimetunga mwenyewe."

"Umetunga nini? Ile kiraka si ulishona wewe?"

"Nilishona."

"Na kitenge si ya kijani?"

"Ni ya kijani, mama, lakini nilikuwa nakumbuka tu..."

"Basi unaijua. Mutu mwingine angekosea, wewe huwezi kukosea kazi ya mikono yako. Nani alikwambia? Ni wale wa maboti?"

Nikaapa. Nikamwambia hakuna mfanyabiashara wa chumvi, Baraka yenyewe sijafika, kila kitu nimekitoa hapa, nikajigonga kichwa kwa kidole. Yule mama akaniangalia kwa huruma. Mimi ndiye nahurumiwa! Akasema ameelewa, nimekatazwa kusema. Mwanawe pengine ameoa kule na anaona haya, ndiyo maana aligeuza uso. "Arudi naye huyo mwanamke, hakuna neno, tutakaa naye. Murakoze, asante sana, mwanangu." Akaondoka amechangamka, jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa haujaliona kwa miaka minne. Kwa dakika tano barazani kwangu alikuwa ameimaliza hadithi kwa namna ile ile aliyokuja kuitaka baadaye bwana wa Bujumbura.

Jumamosi eda haikukaliwa. Mama alimtuma mwanawe mwingine, mtu mzima mwenye watoto wake, apande boti akamtafute kaka yake. Shehe akaja kwangu amevimba kwa hasira. Nikaseme kweli kwa yule mama, akaniamuru. Nimeisema mara tatu, shehe! Nimeisema barazani, nimeisema njiani, nimeisema mlangoni kwake, na kila nikiisema ananishukuru. Nifanye nini tena, nipande juu ya paa? Shehe akasema wanawake wenye simu ni mtihani, akaenda.

Siku ya pili yake msomaji alikuja mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa kweli ningeyashukuru. Hakutukana. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akazitazama zile nguo zake zilizokunjwa kwenye kapu.

"Ungeniuliza, dada," akasema.

"Sikufikiri, mdogo wangu. Nisamehe."

"Nilikuwa nimebakiza siku mbili nilie. Siku mbili tu. Sasa kila siku mama ananiuliza kama nimemfulia mwanawe shati, akija atavaa nini."

 Nikalivuta lile kapu nyuma ya cherehani, asizione.

Shemeji yake alirudi baada ya siku nyingi, amekonda, hana habari. Makoti ya njano Baraka yako tele, akatuambia, hata wauza mihogo wanavaa. Lenye kiraka cha kijani hakuliona. Nikadhani sasa yatakwisha. Thubutu! Mama akasema basi amehamia Fizi, na akaanza kumtayarisha kijana wake avuke tena, na wakati huo upepo wa ziwa ulikuwa umeshaharibika, wavuvi wenyewe wanachagua siku za kutoka. Mke wa yule kijana akanijia mbio. Huyu naye ukimpeleka akapotea, akaniambia, utaandika na yeye?

Na kundini, huku yote haya yanatokea, wanadai sura ya kumi na tatu. Iko wapi? Umelala? Umenunuliwa? Bwana wa Bujumbura akapiga simu, nami kwa ujinga nikamweleza kila kitu, nikidhani ana moyo. Akacheka kwa furaha. "Madamu, watu wanavuka ziwa kwa sababu ya sura yako! Hiyo ni piblisite, tangazo la bure. Mrudishe sasa, mrudishe na mke wa Kikongo, tuchape." Nilimkatia. Sijawahi kumkatia mtu mzima simu katika maisha yangu. Nilimkatia, nikaitupa simu kwenye kapu la vitambaa, nikaifunika.

Nilikasirika kiasi kwamba hasira ndiyo iliyonipa akili. Kumbe yule mama ukweli hataki kuusikia, anachosikia ni sura. Basi na apewe sura. Nilifunika cherehani tangu alfajiri, nikaandika kwa kalamu kwenye karatasi za daftari, maana kwa simu nilikuwa naogopa kidole kisije kikatuma. Niliandika kwamba mfanyabiashara wa chumvi anarudi Baraka, anamfuata yule mwanamume wa koti mpaka kwake, na kumbe siye. Huyu ni mvuvi wa kule kule, na koti alilipata kwa maiti aliyemtoa majini miaka minne iliyopita, maiti wa mgeni asiyejulikana jina, akazikwa na watu wa pale. Aligeuza uso kwa sababu anaona aibu kuvaa nguo ya marehemu. Ndiyo hiyo sura. Kila aliposema mwalimu wangu wa viti vya plastiki nishike, niliachia. Nilimzika mtu wangu saa nane mchana, nikanawa uso, nikaenda kwa yule mama kabla sijaogopa.

Nilimkuta uani anachambua ndagala, na msomaji yuko naye. Nikasema nimeleta sura mpya, nimeileta kwake kwanza, wengine bado. Nikaanza kukunjua karatasi.

"Oya," akakataa mama. "Asome yeye. Mimi nimezoea sauti yake."

Ningejua ningekula zile karatasi. Msomaji alifuta mikono, akazipokea, akapitisha macho kidogo ukurasa wa kwanza, na nikaona ameelewa ni nini anachotakiwa kukisoma kwa kinywa chake. Hakunirudishia. Akakaa, akasoma. Hakutia sauti za watu siku hiyo. Alisoma mwaloni, akasoma nyumba ya yule mvuvi, akasoma koti likiwa limetundikwa kwenye msumari, akasoma habari ya maiti. Mama mkwe aliendelea kuchambua samaki. Msomaji alipofika mwisho, pale ninaposema kwamba walimzika watu wa pale, mama akaacha kuchambua.

"Nani alimwosha?"

Hilo sikuliandika. Sura nzima, na mimi mtoto wa Kiislamu, sikuandika nani alimwosha! Nikafungua mdomo niseme lolote. Lakini msomaji hakuinua macho kwenye karatasi.

"Walimwosha watu wa msikiti wa kule," akasoma. "Walikuwa watatu. Maji waliyapasha yakawa uvuguvugu, wakasema huyu baridi ameipata ya kutosha. Walianza upande wa kulia."

Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, naiona karatasi. Palikuwa na mstari wangu wa mwisho na chini yake peupe.

"Goti waliliona?" akauliza mama.

"Waliliona. Goti la kushoto, lile kovu. Mkubwa wao akalishika, akasema huyu alitibiwa na mama yake. Mama alikuwa anamkanda kwa mawese ya moto kila asubuhi kabla hajaenda kuoga, ndiyo maana ngozi imelala hivi. Akawaambia wenzake wapitishe mkono polepole hapo. Wakapitisha polepole. Nywele zake walizitoa mchanga. Sanda ilikuwa mpya, alitoa mwanamke mmoja wa pale ambaye na yeye ana mtoto anayevua."

Niseme ukweli wote, maana nimekwisha kuanza. Niliona wivu. Mwenzangu anamwosha mumewe mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa nahesabu kwamba katika sura zote kumi na tatu sijapata jambo moja lililo sawa kama lile la goti. Mtu huyu huyu aliyenirukia mawingu! Najichukia nikikumbuka. Ile sura haikwenda kundini na haitakwenda. Bwana wa Bujumbura anasema nimekiua kitabu kwa mkono wangu, na wasomaji wananiita mvivu, na siwezi kumweleza hata mmoja, kwa kuwa sehemu iliyo ya kweli mle ndani siyo yangu na wala haipo kwenye karatasi.

Mama mkwe alisogeza sinia la ndagala pembeni. Mikono akaiweka mapajani, magamba bado yako vidoleni.

"Soma tena," akasema. "Pale walipomwosha."

Msomaji akaniangalia mimi, mara moja tu. Halafu akarudi kwenye karatasi, akaweka kidole pale peupe, akaanza upya tangu maji ya uvuguvugu, neno kwa neno, hakukosea. Alipofika kwenye goti akaiweka karatasi chini. Akalia kwa sauti, mbele ya mama mkwe wake, mchana mweupe, majirani wakasikia, na mama mkwe hakumkataza.